UZI: Mbwa wa nyumba moja wakiuana. Cha kufanya saa hiyo, wiki hiyo na baada ya hapo

#1 mleta_uzi

Wakuu, salamu kwenu nyote.

Uzi huu ni wa wenye mbwa wawili, watatu au zaidi ndani ya uzio mmoja, ambako alfajiri mlinzi anagonga dirisha kusema mmoja amekufa na aliyemuua ni mwenzake. Huo ni msiba, na asikwambie mtu kwamba "ni mbwa tu". Unamzika mnyama aliyelala kibarazani kwako miaka sita huku aliyemuua anakutikisia mkia akingoja chakula. Maamuzi mabaya hufanyika hapohapo. Kuna anayempiga aliyebaki mpaka kumvunja, kuna anayempakia kwenye gari usiku akamtupe mbali, na kuna anayesema "basi, wameshamalizana" akawafungulia wote jioni ileile. Huyo wa mwisho ndiye anayekuja kuzika wa pili.

Kwa atakayeishia aya hii: nyumba ambayo mbwa ameshaua mbwa, kazi ya kwanza ni waliobaki wasikutane kabisa. Ukuta, mlango, kufuli. Kupatanisha, kuhasi, mafunzo na dawa vinasubiri nyuma ya kufuli, na kwa baadhi ya mbwa havitakuja kamwe.

Sasa, kama ugomvi bado unaendelea. Usiingize mkono katikati na usishike kola. Mbwa aliye katikati ya pigano anauma chochote kinachomgusa bila kuangalia ni cha nani. Usimvute aliyeng'ata: chonge zimeshazama, ukivuta unachana nyama ya mwenzake, na tundu la sentimita moja linakuwa mpasuko wa kiganja kizima. Anza na kinachofanyika ukiwa mbali. Mpira wa maji wenye presha uelekeze puani na machoni, au mwaga ndoo nzima usoni kwa mkupuo mmoja. Kugonga sufuria kunasaidia ugomvi unaoanza tu. Waliokwisha kushikana hawaisikii. Maji yakishindwa, ingiza kitu bapa kati yao: ubao, bati, mfuniko wa pipa, meza ya plastiki iliyolazwa ubavu.

Mkiwa watu wazima wawili na mbwa ni wawili tu, subirini wakati meno yameachia, kila mtu ashike miguu ya nyuma ya wake juu kidogo ya goti, muinue kwa pamoja kama toroli na kurudi kinyumenyume mkipinda nusu duara. Kupinda ndiko kunakomlazimisha mbwa kukanyaga kwa miguu ya mbele asipate nafasi ya kukugeukia. Ukisimama, anageuka. Ukimwachia kabla ya kufika kwenye mlango unaofungika, anarudi alikotoka. Mbwa wakiwa watatu na nyie wawili, msijaribu: huyo wa tatu atamrukia aliyeinuliwa.

Kuhusu mbwa wa jamii ya Pit Bull na Boerboel, si kweli kwamba taya zao zina "kufuli". Wanang'ata na kushikilia, basi. Kwao hutumika kabari ya mbao ngumu iliyolainishwa, urefu sentimita 20 hadi 25, inaingizwa pembeni ya mdomo nyuma ya chonge na kuzungushwa. German Shepherd hashiki hivyo, anauma na kuachia na kuuma tena. Ukimletea kabari atakuuma wewe.

Wakiachana, kila mmoja kwenye chumba chake chenye mlango. Hata choo au stoo. Usifunge kwa mnyororo pembeni ya mwenzake, kwa sababu aliyefungwa hawezi kukimbia wala kujikinga. Halafu mbwa wote, hata asiye na tone la damu, wakaguliwe na daktari.

#2 daktari_mifugo

Asante mkuu kwa kuufungua. Naongezea upande wa majeraha, kwa sababu kuna kifo cha pili ambacho huja siku ya pili au ya tatu, kwa mbwa aliyeonekana ameponea.

Jeraha la chonge linadanganya. Juu ya ngozi unaona tundu la kalamu. Ndani, mbwa aliyeng'ata alitikisa kichwa, ngozi ikabanduka kutoka kwenye msuli, msuli ukapondeka, na mate yenye bakteria yakabaki kwenye mfuko huo usio na hewa. Mbwa mdogo aliyebebwa mdomoni na mkubwa na kutikiswa anaweza kuwa na mbavu zilizovunjika au utumbo uliotoboka na nje usione zaidi ya manyoya yaliyolowa mate. Kwa hiyo mnyoe manyoya kila panapouma. Kidole kipitishwe shingoni, kwapani, tumboni, ndani ya mapaja. Ukibonyeza ngozi ikatoa mchakacho kama wa mfuko wa nailoni, kuna hewa chini yake, na hewa hiyo huenda imetoka kwenye koo la hewa au kifuani. Huyo hasubiri asubuhi.

Vipimo ambavyo mtu wa nyumbani anaweza kuvifanya ni hivi. Inua mdomo wa juu, bonyeza ufizi kwa kidole mpaka uwe mweupe, achia. Rangi ya waridi irudi ndani ya sekunde 2. Ikichelewa, au ufizi ukiwa mweupe kama karatasi au wa kijivu, damu haizunguki vizuri. Hesabu pumzi akiwa amelala: mbwa aliyetulia huvuta kati ya 15 na 30 kwa dakika. Akizidi 40 na hakuna joto wala mbio za kumfanya aheme, au tumbo likipanda wakati kifua kinashuka, ni dharura. Joto la mwili la kawaida ni nyuzi 38 hadi 39.2. Likishuka chini ya 37.5 baada ya ugomvi, mfunike na mumkimbize.

Damu inayotoka, kandamiza kwa kitambaa safi dakika 5 kamili bila kufunua kuchungulia. Tundu la kifuani linalovuta hewa, lifunike kwa plastiki safi na kitambaa juu yake, usikaze mpaka ashindwe kutanua mbavu. Majeraha ya miguu na mgongo unaweza kuyasafisha kwa maji ya chumvi: lita moja ya maji yaliyochemka yakapoa, chumvi kijiko cha chai kimoja na nusu kilichosawazishwa. Vuta kwa bomba la sindano la mililita 20 lisilo na ncha, sukuma kwenye jeraha, rudia mpaka maji yatoke meupe. Majeraha ya kifua na tumbo usiyasukumie maji, maana hujui yanaelekea wapi. Spiriti hapana, na dawa ile inayotoa povu pia hapana. Zinaua nyama ambayo ingepona.

Tafadhalini sana, msimpe diclofenac, ibuprofen wala paracetamol. Mbwa si mtu mdogo. Diclofenac na ibuprofen humtoboa tumbo na kumharibu figo, na mbwa aliyepoteza damu figo zake zimeshaanza kuteseka. Daktari anazo dawa za maumivu zinazomfaa mbwa, meloxicam au carprofen, naye huzitoa baada ya kumwekea dripu na mzunguko wa damu kutulia.

Msishangae pia daktari asiposhona kila tundu. Tundu la chonge likishonwa kabisa linageuka jipu. Huachwa wazi au huwekewa mrija wa kutolea uchafu kwa siku 3 hadi 5, pamoja na antibayotiki, mara nyingi amoxicillin yenye clavulanic acid.

Mwisho, kichaa cha mbwa. Mbwa mpole aliyegeuka ghafla bila sababu, anayeuma mawe na hewa, anayetoa mate, ambaye sauti imebadilika au anashindwa kumeza, msimguse, na msizike maiti yoyote ya ugomvi huo kabla ya kuita ofisi ya mifugo, kwa sababu ubongo ndio unaopimwa. Mtu yeyote aliyeumwa au kuingiwa na mate kwenye kidonda aoshe kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha hospitali siku hiyohiyo kwa chanjo. Dalili zikishaanza kwa binadamu hakuna kurudi. Mbwa aliyemuuma mtu na anaonekana mzima hufungiwa na kuangaliwa siku 10.

#3 msoma_kimya

Wakuu naomba kueleweshwa. Wazee wanasema mbwa waachwe wapigane, mkubwa akijulikana nyumba inatulia. Mafahali wawili hawakai zizi moja, lakini fahali na aliyekubali kushindwa wanakaa. Je, shida si kwamba watu wanaingilia kati mapema?

#4 mwalimu_wa_mbwa

Swali zuri, na ndilo linaloua mbwa wengi, kwa hiyo nalijibu kwa kirefu.

Wazo la "mkubwa" lilipata nguvu kutokana na kazi ya Rudolf Schenkel ya mwaka 1947 kuhusu mbwamwitu waliofungiwa katika bustani ya wanyama ya Basel, Uswisi. Walikuwa wanyama waliochanganywa kwenye eneo dogo wasiloweza kutoka. David Mech wa Marekani, ambaye naye alilieneza wazo hilo, alikuja kulisahihisha mwaka 1999 baada ya kuwaangalia mbwamwitu wa porini kwa miaka mingi: kundi la porini ni baba, mama na watoto wao, na kijana anayekua huondoka. Hapo ndipo penye tofauti kubwa na uzio wako. Porini anayeshindwa anaondoka. Kwako kuna ukuta wa futi nane na geti la chuma. Aliyeshindwa anakubali, analala chali, lakini hana pa kwenda. Kesho asubuhi yuko palepale mbele ya yule yule.

Na methali ya mafahali, kwa mbwa inapotosha kidogo. Madume hupiga kelele nyingi. Majike wawili wakichukiana ndio mara nyingi wanaoumizana vibaya zaidi, na ni vigumu kuwapatanisha. Mwaka 2011 watafiti wa chuo kikuu cha Tufts, Marekani, walichapisha uchambuzi wa jozi 38 za mbwa wa nyumba moja waliokuwa wakipigana. Jozi 30 zilikuwa za jinsia moja, na jozi 26 zilikuwa na jike angalau mmoja. Mwanzilishi, karibu mara tatu kati ya nne, alikuwa mdogo kwa umri, na mara nyingi ndiye aliyeletwa nyumbani baadaye. Ukilisoma hilo pamoja na tabia yetu ya kuleta mtoto wa mbwa "arithi" kabla ya mzee hajafa, unaona tunavyotengeneza ugomvi kwa mikono yetu. Mtoto anakua kimya. Kati ya miezi 18 na miaka 3 anapevuka akili, mzee naye nyonga zimeanza kuuma, hasikii vizuri, na siku moja mzee anamngurumia kama kawaida yake na safari hii kijana harudi nyuma.

Vichochezi vya hapa kwetu vinajulikana. Mfupa ni wa kwanza. Si tu mfupa unaotupwa leo; ni ule uliofukiwa bustanini wiki mbili zilizopita ukafukuliwa usiku. Siku za sherehe, makombo ya pilau na nyama yanamwagwa sehemu moja. Jike akiwa kwenye joto, yaani msimu wake wa kutaka dume, na vilevile wiki 6 hadi 9 baada ya joto, wakati baadhi yao hujihisi wana watoto na kulinda kona au kiatu. Maumivu ambayo hayajatibiwa: sikio, jino, nyonga.

Halafu geti. Gari la mwenye nyumba linapiga honi, mbwa wote wanakimbilia kwenye ile njia nyembamba kati ya gari na ukuta, damu imechemka, hawawezi kumfikia wa nje, mmoja anamgonga mwenzake begani. Anageuka anauma kilicho karibu. Ugomvi mwingi wa nyumba zetu huanzia hapo, na dawa yake ni rahisi kuliko zote: honi moja, mlinzi anafungia mbwa, anathibitisha, ndipo geti linafunguliwa. Dakika tatu za kusubiri ndani ya gari.

Na aliyeanguka huvamiwa na wote. Mbwa wa tatu ambaye hana ugomvi na yeyote anaingia mwenzake akiwa chini. Ndiyo maana huwezi kusema "aliyeua ni yule mwenye damu mdomoni". Angalia majeraha ya waliobaki: aliyepigana uso kwa uso ana alama usoni, masikioni na miguu ya mbele. Aliyeumizwa nyuma ya mapaja na chini ya tumbo alikuwa anakimbia au ameangushwa. Asiye na alama kabisa huenda aliingia mwishoni.

Kabla ya kifo huwa kuna ugomvi mdogo, na unapanda ngazi. Kwanza kelele bila tundu, kisha matundu ya masikio na uso, kisha miguu, kisha shingo na tumbo. Kelele zinapopungua na majeraha yanapoongezeka, mmefika pabaya. Na kati ya ugomvi na ugomvi, mtazame mnyonge: anakula kwa kuparamia, anapita kwa kufuata ukuta, ananyeshewa nje na banda liko wazi kwa sababu mwenzake amelala mlangoni akimkazia macho. Watu husema "hao wamezoeana, hawagombani siku hizi". Hapana. Mmoja ameacha kuishi.

#5 fundi_mabanda

Mimi nizungumzie ukuta tu.

Kati ya banda na banda la wasiopatana tumia tofali za inchi 6, kimo mita 1.8, bila tundu la kuchungulia. Wavu wa fensi ule wa kusuka usiutumie kuwatenga. Mbwa wanapigana kupitia wavu, wanang'atana ulimi na vidole, na baada ya mwezi waya unafunguka kama sweta. Mbele ya banda weka wavu wa kuchomelea, waya wa milimita 4, matundu ya sentimita 5 kwa 5. Mbwa mkubwa mmoja: eneo la kulala na kutembea lisipungue mita 2 kwa 3, na huyo bado anahitaji kutolewa kila siku. Sakafu iteremke sentimita 2 kwa kila mita kuelekea mfereji, na kila banda liwe na mfereji wake. Mfereji unaopita chini ya ukuta wa kati ni dirisha.

Mlango ufunguke kwa ndani. Mbwa akiusukuma anaufunga badala ya kuufungua. Pengo la chini lisizidi sentimita 5. Komeo liwe la kuteleza lenye tundu la kufuli, na likae upande wa nje urefu wa kiuno. Komeo la kudondosha, lile la kipande cha nondo kinachoangukia kwenye pete, mbwa anayeruka akigonga mlango mara kwa mara linapanda lenyewe milimita kwa milimita. Limefungwa saa mbili usiku, saa kumi liko wazi, na hakuna aliyeligusa.

Kikubwa kuliko vyote ni chumba cha kati. Mita 1.2 kwa 1.2 mbele ya mlango wa banda, na mlango wake wa pili. Unaingia, unafunga nyuma yako, ndipo unafungua cha mbwa. Kwenye nyumba ambayo mbwa ameshaua, kati ya mbwa na mbwa pawe na milango miwili wakati wote. Mlango mmoja ni ahadi ya mtu kutosahau, na mtu anasahau.

#6 mama_wa_kibaha

Samahanini, mnisaidie kwenye hili ambalo linaumiza zaidi. Aliyeua afanywe nini? Nyumbani kila mtu ana neno lake. Baba anataka auawe, watoto wanalia asiguswe.

#7 mwalimu_wa_mbwa

Pole sana mama. Tuanze na kisichofaa: adhabu. Mbwa hawezi kuunganisha fimbo ya leo na ugomvi wa jana. Anachojifunza ni kwamba mwenzake anapoonekana, maumivu yanafuata, na chuki inazidi.

Ili kuamua, jibuni maswali haya bila kumwonea mtu haya. Je, aliyeuawa alikuwa na ukubwa gani? Mbwa wa kilo 40 kumuua wa kilo 5 kunaweza kuwa kung'ata mara moja na kutikisa, silika ya kuwinda iliyowashwa na kilio au mbio. Huyo anaweza kuendelea kuishi na mbwa mkubwa wa jinsia nyingine lakini asione tena mbwa mdogo, paka wala mwana-mbuzi bila kizuizi. Kama walilingana, aliyekufa aliumwa mara ngapi, na wapi? Ian Dunbar, daktari wa mifugo na mwalimu wa mbwa, alipanga ngazi 6 za kuuma, na ingawa alizipanga kwa ajili ya mbwa wanaouma watu, hoja yake inasaidia hapa: kina cha jeraha kinaonyesha kama mbwa anazuia taya zake. Tundu lisilofika nusu ya urefu wa chonge ni mbwa anayejizuia. Matundu mengi yaliyozama mpaka mwisho, na kuendelea kuuma baada ya mwenzake kulegea, ni mbwa asiyejizuia, na hilo halifundishiki kwa mtu mzima. Je, kichochezi kinajulikana na kinaweza kuondolewa? Mfupa unaondoleka. "Alikuwa anapita tu" hakiondoleki.

Njia ni tatu. Ya kwanza ni kumweka kwa utengano wa maisha, nitaeleza chini. Ya pili ni kumhamishia nyumba isiyo na mbwa mwingine, kwa mtu mzima anayeambiwa yote na kuandikiwa: ameua mbwa, tarehe, wa ukubwa gani, kwa kichochezi gani. Kumuuza kama "mbwa mkali wa ulinzi" na kunyamaza ni kumpelekea mwingine msiba. Ya tatu ni kumlaza kwa sindano ya daktari, na inakuwa halali kuifikiria pale ambapo hakuna kuta, watoto wadogo wanafungua milango, au naye ameanza kuwageukia watu. Mbwa kuua mbwa haimaanishi ataua mtu, hizo ni tabia mbili. Ila mtoto anayekimbilia kuamua ugomvi yuko hatarini hata kwa mbwa anayempenda.

Baba akikubali sindano, iwe sindano kweli. Sumu kwenye nyama, kumpiga, kumtelekeza barabarani, hayo ni mateso, na Tanzania tunayo Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008. Na mtakayemchagulia njia hiyo, mkae naye mpaka mwisho, mkono kichwani. Watoto waambiwe ukweli kwa maneno ya kawaida: amekufa, hatarudi, na hakuna kati yao aliyesababisha. Msiwaambie "ameenda shamba". Watamsubiri.

#8 mlezi_wa_kikosi

Utengano wa maisha unafanywa hivi, kwa mbwa wa ulinzi wawili wasiopatana.

Mmoja yuko nje, mwingine yuko bandani, zamu. Mfano: wa kwanza nje saa 12 jioni hadi saa 6 usiku, wa pili saa 6 hadi saa 12 asubuhi. Mchana kila mmoja anapata saa moja ya kutembezwa au kucheza na mtu. Kila baada ya wiki mbili badilisheni zamu, ili hakuna anayeamini usiku wa manane ni wake.

Karibu na geti la mabanda piga ubao wenye misumari miwili, NJE na NDANI. Kila mbwa ana kibati chenye rangi yake. Anayemtoa mbwa anahamisha kibati kabla ya kugusa komeo. Hakuna anayefungua banda la pili bila kutazama ubao na kwenda kwa miguu yake kuona mbwa wa kwanza yuko ndani. Kuuliza kwa sauti "yupo ndani?" na kujibiwa "yupo" hakutoshi, anayejibu anaweza kuwa anazungumzia mbwa mwingine, au kuku.

Funguo ziwe kwa watu wawili kwa zamu, si kwa kila mtu. Utengano unavunjika siku za wageni, siku mlinzi mpya anaanza, siku dada wa kazi amesafiri na shangazi amekuja kusaidia. Siku hizo kufuli zote zinabaki zimefungwa, mbwa wote ndani, hata kama watalalamika.

Chakula kila mmoja bandani mwake, mlango umefungwa. Dakika 15 sahani inaondolewa. Mifupa imekoma kabisa kwenye nyumba hiyo. Na ukaguzi wa bustani kwa reki mara moja kwa wiki kutafuta iliyofukiwa.

#9 msoma_kimya

Nimeelewa, nashukuru. Na wale waliopigana lakini hakuna aliyekufa, wanarudishwa pamoja lini?

#10 mwalimu_wa_mbwa

Kama kuna matundu ya kina shingoni au tumboni, au ni majike wawili waliokwisha kupigana mara tatu, nakuomba usiwarudishe. Wengine, taratibu.

Wiki 3 hadi 4 za kutoonana kabisa, na kwa muda huo daktari anatafuta maumivu. Kuhasi madume ambao hawajahasiwa kunasaidia kupunguza ugomvi wao kwa wao. Kwa majike faida yake ni kuondoa misimu ya joto. Chuki iliyokwisha kukomaa haiondoi. Kila mmoja afundishwe kifunga mdomo cha wavu, kile kinachomwachia kufungua kinywa na kuhema. Kile cha kitambaa kinachobana taya, kwa joto la pwani, kinaua. Mafunzo ni siku 14 au zaidi: leo anakula kipande cha nyama ndani yake bila kufungwa, kesho sekunde 5, mwisho dakika 20 akitembea nacho bila kukipapasa kwa mguu.

Kisha matembezi sambamba, nje ya nyumba, mahali ambapo si pa mmoja wao. Watu wawili, kamba mbili, mita 15 kati yao, wakielekea upande mmoja. Dakika 10. Mkiona mwili umelegea, pua chini inanusa, wanatazama kwingine, siku inayofuata punguzeni mita moja. Mkiona mmoja amekakamaa, mdomo umefumba, macho yamemng'ang'ania mwenzake kwa sekunde 2, rudini mita 5 na mmalize siku. Wengi huharibu kazi ya wiki tano kwa haraka ya siku moja, kwa kufungua kamba "tuone". Mbwa wakifika mita 2 bila kukazana kwa wiki nzima, ndipo waingie uani pamoja, vifunga mdomo vikiwa vimevaliwa, kamba zikiburuta, dakika 5, hakuna chakula, hakuna kitu cha kugombea, geti halifunguliwi. Usiku na wakati hamna mtu, wanatengana. Hilo la mwisho halina tarehe ya kuisha.

Daktari anaweza kuongeza fluoxetine kwa mbwa mwenye wasiwasi mwingi. Inachukua wiki 4 hadi 6 kuonyesha kazi, na haisimamishwi ghafla.

#11 daktari_mifugo

Naongeza mawili yaliyoulizwa kwenye inbox.

Kusafisha palipomwagika damu: maji ya baridi kwanza, ya moto yanaigandisha. Kisha sabuni na brashi, suuza, ndipo dawa ya klorini sehemu 1 kwa maji sehemu 30, iache dakika 10, suuza tena. Mkojo wote uwe umeoshwa kabla ya klorini, kwa sababu vikikutana hutoa hewa inayochoma mapafu. Kaburi lichimbwe kina cha mita moja au zaidi, mita 30 kutoka kisimani, mawe juu ili waliobaki wasifukue.

Na aliyebaki akizunguka akinusa banda la marehemu, akikataa kula: siku ya kwanza mwacheni, mumpe kiasi kidogo cha chakula chenye harufu, kama dagaa wa kuchemsha bila chumvi, na mumtembeze saa zilezile za kawaida. Akipitisha saa 48 bila kula, mleteni. Mara kadhaa anayedhaniwa ana huzuni ana jipu chini ya manyoya ambalo hakuna aliyelinyoa.

#12 mama_wa_kibaha

Mungu awabariki. Je, nikija kutaka mbwa mwingine?

#13 mleta_uzi

Mama, usilete yeyote ndani ya miezi mitatu ya mwanzo. Ukileta, awe wa jinsia tofauti na aliyebaki, umri wapishane angalau miaka miwili, na usichukue ndugu wawili wa tumbo moja wa jinsia moja. Kabla hujampigia simu mwenye watoto wa mbwa, hesabu milango nyumbani kwako inayofungika kwa kufuli. Mbwa wasizidi hiyo.